Mfereji Hauishi Kuchimbwa

Ukiisikia sauti yangu ina mikwaruzo leo, unisamehe. Nimerudi juzi kutoka Mchinga, pwani ya Lindi, na upepo wa kusi wa kule ukikukuta na fulana iliyolowa haukuachi hivi hivi.

Nilikwenda kumwona mjomba wangu, na nikafika siku mbili kabla ya bamvu. Anayejua mashamba ya chumvi ameshacheka. Kwa asiyejua, bamvu ni yale maji makuu yanayokuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku za maji mafu bahari hujaa na kupwa bila kufika mbali. Siku za bamvu hupanda mpaka ndani ya mikoko, ikafika kwenye milango ya mbao ya mashamba ya chumvi, na mwenye mfereji safi akapata maji ya kumtosha. Mwenye mfereji uliojaa tope hungoja wiki mbili nyingine, jua linamwakia bure. Kwa hiyo nilipewa beleshi kabla sijapewa chai.

Tulikuwa watu saba. Mjomba alipita na kijiti na kamba, akagawa ngwe, kila mtu hatua zake kumi za mfereji, azoe tope mpaka aone udongo mgumu wa chini, na tope alitupe juu ya tuta. Linaonekana jambo dogo ukiwa umesimama juu. Ukishuka, tope linakushika magotini, na beleshi ukilizamisha halitaki kutoka. Linanyonywa. Ukilitoa, tope linaganda kwenye bati, unalirusha na halirushiki. Mimi nilipambana hivyo nusu saa, kijana mmoja wa ngwe ya pili akinitazama kwa huruma, mpaka akaniambia: "Bamkubwa, lilowanishe kwanza." Kumbe kabla ya kila mzigo unachovya bati la beleshi majini, tope linateleza lenyewe kama ugali kwenye bakuli lililopitishwa maji. Miaka yote niliyosoma shule hakuna aliyenifundisha jambo lenye faida ya haraka namna ile.

Tulipopumzika nikafanya uandishi wangu. Nikamuuliza mjomba, mfereji huu ulichimbwa mwaka gani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa chakula cha jana kililiwa na nani. "Ulichimbwa bamvu lililopita," akasema. "Na leo tunauchimba."

Basi hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo, msikilizaji. Nataka tuzungumze habari ya mifereji na watu wake, na nataka tuipitie kwa njia ya mjomba, si kwa njia ya vitabu. Vitabu hupenda siku mbili: siku mfalme alipotoa amri, na siku utepe ulipokatwa. Katikati hutajwa wachimbaji, wakitajwa. Baada ya utepe, kimya, utadhani maji yakishapita kazi imekwisha. Mtu wa chumvi anajua kwamba siku ile ndipo kazi inapoanza.

Tuanze na wa kwetu, pwani yetu hii hii ya Waswahili. Kule Kenya, upande wa kusini wa Lamu, kuna mto Tana, mto mkubwa kuliko yote ya nchi ile. Pembeni yake kuna mto mdogo, Ozi, unaoingia baharini Kipini. Zamani kila mmoja ulikuwa na mdomo wake. Mdomo wa Tana ulikuwa mbaya, una fungu la mchanga na mawimbi ya kuvunja vyombo. Mdomo wa Ozi ulikuwa mzuri. Sasa fikiria Mpokomo ameshuka na mtumbwi wake wa mpunga kutoka juu huko, amefika karibu na bahari, na mbele yake kuna fungu la mchanga linalomngoja. Karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, ukachimbwa mfereji mwembamba kuunganisha mito hiyo miwili. Ukaitwa Belezoni. Mtumbwi ukatoka Tana, ukapita Belezoni, ukateremka Ozi hadi Kau na Kipini kwa usalama.

Ulikuwa mfereji wa mitumbwi tu. Lakini ukishakuwa na njia nyembamba ambayo kila mtu lazima aipite, mara utamwona mtu amekaa pembeni na daftari. Mwaka 1889 Sultani Ahmed, yule aliyeitwa Simba, alifariki, na Fumo Bakari akashika usultani wa Witu. Ushuru uliotozwa pale Belezoni ukawa ugomvi mkubwa. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa Mombasa ikalalamika, Wajerumani waliokuwa nyuma ya Witu wakajitokeza, barua zikaenda mpaka Ulaya. Mfereji wa mitumbwi! Mwaka uliofuata mataifa hayo mawili yakamaliza mambo yao kwa mkataba, Witu ikapewa Waingereza bila Witu yenyewe kuulizwa, na Oktoba 1890 majeshi ya majini ya Waingereza chini ya Admirali Fremantle yakauchoma mji baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa pale.

Wakati wakubwa wanagombania ushuru, mto ulikuwa na shauri lake. Maji ya Tana yakauonja ule mtaro, yakauona ni njia ya mkato, yakaanza kuupanua. Kila mafuriko yakala kingo kidogo. Kufikia mwisho wa karne ile, mto mzima ulikuwa umehamia humo. Leo ukienda Kipini unayaona maji ya Tana yakitoka kwa mdomo wa Ozi, na njia ya zamani imeachwa. Walichimba njia ya mitumbwi, wakapata mto. Nilipomsimulia mjomba kisa hiki alitikisa kichwa na kusema kitu ambacho nadhani mhandisi angekisema kwa maneno marefu zaidi: "Hawakuweka mlango."

Kwake yeye mfereji una ndwele mbili tu: ama unajaa tope, ama unakula kingo. Ukiuacha bila mtu lazima upate mojawapo. Hakuna mfereji unaokaa kama ulivyo.

Sasa tutoke kwetu, twende Misri, maana huwezi kuzungumza mifereji ukaukwepa ule wa Suez. Na mtu wa pwani ya Lindi asidhani ule ni mfereji wa watu wengine. Mwaka 1872, miaka mitatu tu baada ya kufunguliwa, meli za moshi za Waingereza zilianza kuleta barua Unguja kila mwezi kutoka Aden. Mwaka 1890 ikaanza njia ya meli za Wajerumani kutoka Hamburg hadi pwani yetu kwa kupitia Suez. Na Mei mwaka huo huo Mjerumani Hermann Wissmann aliteremka Kilwa, kisha Lindi, kisha Mikindani, kuzima upinzani wa watu wa pwani, akiwa na askari wa Kisudani walioandikishwa Misri na kuletwa kwa Bahari ya Shamu. Ulaya ilikuwa imesogezwa jirani. Kilichoisogeza ni watu wa Misri wenye vikapu.

Lakini hao hawakuwa wa kwanza, na hapa ndipo maneno ya mjomba yanapokuwa na nguvu. Ardhi ile imechimbwa mara nyingi mno. Firauni Necho alianza mfereji wa kutoka mto Nile kwenda Bahari ya Shamu yapata miaka 600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mgiriki Herodotus ameandika kwamba Wamisri 120,000 walikufa katika kazi ile, na Necho akaiacha njiani. Dario, mfalme wa Uajemi, akaja akaikamilisha. Ukajaa mchanga. Ukazibuliwa, ukajaa tena. Baada ya Waislamu kuingia Misri, Amr bin al-As aliufukua kwa agizo la Khalifa Umar, ili nafaka ya Misri ifike Madina, kwa sababu Madina ilikuwa imeonja njaa kali. Wakauita Mfereji wa Amirul Muuminina. Ukafanya kazi zaidi ya karne moja, mpaka mwaka 767 Khalifa al-Mansur alipoufunga ili nafaka isiwafikie waliomwasi Madina. Ona basi: mfereji uliozibuliwa ili Madina ile, ukazibwa ili Madina isile. Mchanga ukafanya mengine.

Ukapita muda mrefu. Mwaka 1854 Mfaransa Ferdinand de Lesseps akapata kibali kwa Said Pasha, mtawala wa Misri, cha kuchimba mfereji mpya, huu wa leo, unaokata moja kwa moja kutoka Bahari ya Mediterania hadi Bahari ya Shamu. Safari hii hawakupitia Nile. Beleshi la kwanza likashuka tarehe 25 Aprili 1859, mahali palipokuja kuitwa Port Said. Palikuwa ufukwe mtupu.

Kampuni ya de Lesseps ilikuwa na hisa, wahandisi na ramani, lakini haikuwa na watu wa kushuka mtaroni. Ikategemea shokoa. Neno hili wazee wetu wa pwani wanalijua: kazi ya kushikwa, kazi ya kuambiwa toka nyumbani kwako nenda. Masheha wa vijiji vya Misri wakapewa idadi, wakakamata wakulima. Shokoa ilipokolea, kuanzia 1862, palihitajika watu 20,000 kazini kila mwezi. Lakini hesabu haikuishia 20,000. Wakati hao wako mtaroni, 20,000 wengine wako njiani wanakuja, kwa mashua za Nile na kwa miguu, na 20,000 waliomaliza wako njiani wanarudi. Kwa hiyo watu 60,000 wameyaacha mashamba kwa mpigo mmoja. Na mto Nile haungoji. Mafuriko yakija na mkulima hayupo, mwaka ule umekwenda.

Palikuwa na mahali panaitwa El-Guisr, kizingiti kirefu cha mchanga kilichoinuka katikati ya njia. Hapo ndipo walipopangwa kwa maelfu. Walio chini wanakwangua, wanajaza kikapu, kikapu kinapanda mkono kwa mkono au begani kwa ngazi za mchanga, kinamwagwa juu, kinarudi. Vifaa havikutosha, na wengine walichimba kwa viganja. Mchana kutwa, na Ramadhani nayo ikawakuta humo humo. Tarehe 18 Novemba 1862 maji ya Mediterania yakaingia ziwa Timsah, na hayo ni maji yaliyopitishwa kwa kikapu.

Na maji ya kunywa je? Hapa mjomba aliniuliza mwenyewe, maana shamba la chumvi nalo lina taabu hiyo. Kuna maji kila upande na huna la kunywa. Jangwani pale maji yaliletwa kwa ngamia na kwa vyombo, yakichelewa watu wanaumia. Ndiyo maana ilibidi kwanza uchimbwe mfereji mwingine, wa maji matamu, kutoka Nile. Ulifika Timsah mapema mwaka 1862 na Suez mwishoni mwa 1863. Huo hausimuliwi sana. Meli haziupiti. Lakini bila huo mdogo, mkubwa usingekuwepo.

Ismail alipochukua utawala wa Misri mwaka 1863 hakuitaka shokoa iendelee hivyo. Waingereza nao waliipigia kelele sana, na sidhani ilikuwa kwa kumhurumia mkulima; hawakuutaka mfereji wa Wafaransa. Jambo likapelekwa kwa msuluhishi. Na nani aliyekuwa msuluhishi? Napoleon wa Tatu, mfalme wa Wafaransa wenyewe! Mwaka 1864 akaamua kwamba shokoa ikome, lakini Misri iilipe kampuni fidia ya faranga milioni 84. Katika hizo, milioni 38 zilikuwa za kuikosesha kampuni wafanyakazi wa kulazimishwa. Nakuomba ulipime hilo taratibu, msikilizaji. Watu walikuwa wa Misri, jasho lao, mashamba yao, na Misri ikalipa ili wasishikwe tena.

Baada ya hapo zikaja mashine za moshi, za kuchota tope chini ya maji na kulitema ng'ambo kwa mifereji mirefu ya chuma. Wakaja pia vibarua wa mshahara, Wagiriki, Waitaliano, Washami, na Wamisri safari hii kwa hiari. Mwaka 1865 kipindupindu kikapiga, wengi wakafa, wengi wakakimbia. Mchanga na udongo wote uliotolewa ulifika mita za ujazo zipatazo milioni 75, na sehemu kubwa ilitolewa na mashine. Tarehe 17 Novemba 1869 mfereji wa kilomita 164 ukafunguliwa, Malkia Eugénie wa Ufaransa akiwa kwenye meli ya mbele. Karamu ilikuwa ya kutisha. Miaka sita baadaye Ismail alikuwa amelemewa na madeni kiasi cha kuuza hisa zote za Misri kwa Waingereza kwa pauni milioni nne.

De Lesseps alijengewa sanamu Port Said mwaka 1899, limesimama mdomoni mwa mfereji limenyoosha mkono kukaribisha meli. Mchimbaji hakupata hata jiwe.

Na sasa nifike pahala ambapo mtu wa redio kama mimi hawezi kupapita haraka. Tarehe 26 Julai 1956 Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, alihutubia Alexandria, na redio ikairusha hotuba nchi nzima. Aliwasimulia watu habari za mfereji, na jina la de Lesseps likawa linamjia mdomoni mara kwa mara, zaidi ya mara kumi. Waliomsikiliza wakadhani ni hasira tu. Kumbe lilikuwa neno la siri. Mahmoud Younis na watu wake walikuwa wamekaa kando ya redio zao karibu na ofisi za kampuni, Ismailia, Port Said na Suez, wakiambiwa: mkisikia jina hilo, ingieni. Hotuba ilipokwisha, mfereji ulikuwa umeshataifishwa. Nimefanya kazi ya redio miaka mingi, na neno langu kubwa kuliko yote hewani limewahi kuhamisha kikao cha harusi tu, siku nilipokosea ukumbi.

Katika hotuba ile Nasser alisema wafanyakazi 120,000 walikufa katika kuchimba. Masikio yako yameshtuka? Ni idadi ile ile Herodotus aliyoiandika kwa Firauni Necho, miaka elfu mbili na zaidi kabla yake. Wanahistoria wameibishia sana idadi ya Nasser, na makaratasi ya kampuni yana hesabu ndogo kabisa. Mimi sioni ajabu. Kampuni ilihesabu mita za udongo, kwa sababu udongo ndio uliolipiwa. Mkulima aliyerudi kijijini anakohoa na kufa mwezi wa tatu hakuwa kwenye daftari la mtu. Watu wakikosa hesabu yao, wanaazima ya wazee.

Lakini hotuba si mwisho wa kisa. Jambo lililonifurahisha mimi ni la Septemba. Ulaya ilisema, haya, mmeuchukua, mtauendesha na nani? Meli haijipitishi yenyewe mle. Huongozwa na rubani anayejua kila kona na kila mkondo, na wengi wa marubani walikuwa wageni. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba wakaacha kazi kwa pamoja. Kila mtu akangoja msongamano. Marubani wa Kimisri wachache, pamoja na Wagiriki waliokataa kuondoka, wakafanya kazi bila kulala, na meli zikapita. Siku zile ndizo Misri ilipoupata mfereji wake, kwa maoni yangu. Ile ya Julai ilikuwa karatasi. Desemba mwaka ule, baada ya vita vya Suez, watu wa Port Said waliliangusha sanamu la de Lesseps kwa baruti. Msingi ukabaki mtupu.

Kuutunza nako ni kuuchimba. Vita vya 1967 viliufunga mfereji miaka minane. Meli 14 zikanaswa katika ziwa la Uchungu, mchanga wa jangwa ukazipiga mpaka zikageuka rangi ya manjano. Kuufungua tena, mwezi Juni 1975, kulitaka kwanza watu wa kutegua mabomu na wa kuinua vyombo vilivyozama. Mwaka 2015 wakachimba kipande kipya cha kilomita 35 ili meli zipishane. Kina cha mfereji wenyewe siku ulipofunguliwa 1869 kilikuwa mita 8, leo ni 24. Nani aliyeongeza mita hizo 16? Hakuna utepe uliokatwa kwa kila mita.

Na unakumbuka Machi 2021, ile meli Ever Given, urefu wa mita 400, ilivyojikita pua kwenye kingo na kukwamisha biashara ya dunia siku sita? Picha iliyozunguka kwenye simu zetu zote ilikuwa ya mtambo mmoja mdogo wa kuchimbia, umesimama chini ya meli ile kama kaa chini ya jahazi, unakwangua. Dunia nzima ilicheka. Pale Mchinga haikuchekesha. Kijana yule wa ngwe ya pili aliniambia waliitazama picha ile bandani, na mmoja wao akauliza tu tope lile wanalitupa wapi.

Nitoke nje ya mada kidogo, nirudi. Nyuma yetu huku, bara ya Mchinga, kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani kutoka makumbusho ya Berlin walichimbisha pale mifupa ya dinosaria. Wachimbaji walifika mamia, karibu 500 kwa wakati mmoja, na mifupa ikabebwa kichwani na wapagazi mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, jina lake limebaki. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Nilimwambia mjomba hilo nikidhani atafurahi kusikia mchimbaji wa huku ameandikwa. Akafurahi. Kisha akasema, lakini wale walikuwa wanachimba shimo. Shimo huisha. Ukitoa mfupa unafukia, unakwenda kwenu.

Sikuwa na jibu, na tope lilikuwa limeanza kukauka miguuni. Nikashuka tena. Mbele yangu kulikuwa na matundu ya kaa kwenye tuta, na nilifundishwa kuyaziba kwa nyasi na udongo mzito, unakandamiza kwa kisigino. Tundu moja la upana wa kidole, likiachwa, bamvu litapita hapo, na tuta lote litakwenda. Ndani ya majaruba maji ya bamvu lililopita yalikuwa yameshakomaa, mazito, yana wekundu kidogo. Pembeni ukoko mweupe wa kwanza ulikuwa umeanza kushika. Kijana wa ngwe ya pili aliniambia huu ni msimu wake wa mwisho, anakwenda Dar es Salaam kutembeza viatu. Nikamtania kwamba nchi nzima wanaofanya kazi hiyo wanaitwa wamachinga, kwa hiyo yeye anakwenda tu kuchukua jina lake. Akacheka, akachovya beleshi majini.

Jana usiku, nikiandaa mazungumzo haya, nilimpigia mjomba simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mgongo?"

"Upo. Nauliza kama bamvu liliingia vizuri."

"Liliingia. Ngwe yako tuliirudia." Akanyamaza kidogo. "Enhe, wale watu wa Misri. Walikuwa wanalipwa kwa ngwe au kwa siku?"

Nimesoma habari za mfereji ule miaka mingi, na sikuwahi kuanza na swali hilo. Nikafungua karatasi zangu. Nikamwambia agizo la serikali la mwaka 1856 lilisema ni kwa siku: piasta mbili na nusu hadi tatu kwa mtu mzima. Na mtoto wa chini ya miaka 12, piasta moja, ila posho yake ya chakula iwe kamili.

"Chini ya kumi na mbili?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na chakula chenyewe?"

"Biskuti. Zile ngumu, za meli."

Nilisikia upepo kwenye simu, na mtu akiita kwa mbali. "Haya," akasema mjomba. "Wacha niende. Mlango wa juu unavuja."